Ndugu unayeuliza kama urudi uwanjani: yangu haya, kutoka Kojani mpaka Malindi

Ndugu yangu mleta uzi, umesema una miaka 41, kazi imekuleta huku Malindi, Kenya, kutoka Mwanza, umecheza mpira tangu utotoni na huu mwaka wa pili hujagusa gozi. Unaona haya kwenda ufukweni kuomba namba kwa watu usiowajua, na unahofu umri umeshakutupa mkono. Wenzangu wengi hapo juu wamekushauri ujiunge na jimu. Jimu si mbaya, lakini haina mtu wa kukupigia pasi. Naomba nikujibu kwa kirefu, maana yaliyokufika yalinifika mimi zamani.

Mimi ni Mpemba, mzaliwa wa Kojani, kisiwa kidogo cha Pemba kule Zanzibar. Nilikuja huku 1993, nina miaka 15, pamoja na ami yangu na wavuvi wengine, tumekuja dago. Kwa asiyejua, dago ni kambi ya wavuvi: mnahama na nyavu, masufuria na mikeka, mnavua msimu mzima kwenye pwani ya watu, kisha mnarudi kwenu. Wengine hatukurudi. Kambi yetu ilikuwa Mayungu, kusini ya mji. Katika furushi langu mlikuwa na nguo mbili na mpira wa matambara niliousokota mwenyewe kwa uzi wa mshipi.

Wiki ya kwanza nilikuwa nakaa juu ya ngalawa iliyopwelewa, nawatazama vijana wa pale wakicheza. Wagiriama, Wabajuni, na wengine wa bara waliokuja kutafuta kazi za hoteli. Sikuthubutu kusema neno. Siku ya nne au ya tano mmoja wao alichomwa na kombe la baharini kwenye unyayo, akatoka nje anachechemea. Wakawa pungufu. Hakuna aliyeniuliza natoka wapi wala baba yangu nani. Mmoja alininyooshea mkono tu: "Wewe, ingia." Nikaingia. Nilikuwa na kiu ya mpira, kila nikipata nafasi napiga kelele "N'pe! N'pe!", kama tusemavyo kwetu. Kufika magharibi nilikuwa nina jina. Mpaka leo, miaka zaidi ya 30, vijana wa ufukweni wananiita Ami N'pe, na wengi hawalijui jina nililopewa na wazazi wangu.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza: usiende kuomba namba. Nenda ukakae pale wanapochezea, siku tatu nne mfululizo, saa ile ile. Mpira ukitoka nje, urudishe vizuri, uutue mguuni pa mtu. Macho ya wachezaji yanaona. Timu za ufukweni kila siku zina upungufu wa mtu mmoja, na siku hiyo ataitwa yule aliyekaa karibu.

La pili, ujue saa za bahari, kwa sababu wewe umezoea ziwa ambalo halijai na kupwa kama huku. Uwanja wetu unafunguliwa na mwezi. Siku za bamvua, yaani maji makubwa, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanajaa kwenye saa kumi jioni na kuufunika uwanja. Siku hizo tunacheza asubuhi, maji yakitoka kwenye saa nne. Kila siku yanachelewa karibu dakika 50, kwa hiyo baada ya wiki moja yanatoka jioni. Kuanzia siku ya 7 tangu mwezi kuandama mpaka ya 10, halafu ya 22 mpaka ya 25, hizo ndizo jioni zetu nzuri. Ni maji mafu, hayaendi mbali, lakini yanaacha mchanga mgumu wa kutosha.

Mchanga wenyewe nao una habari yake. Mvua zikinyesha bara, mto Sabaki unashuka na tope, na kaskazi ikivuma linasukumwa kuja kwenye ghuba yetu. Bahari yote inakuwa rangi ya chai ya maziwa. Magogo yanatapakaa ufukweni, na kabla ya mechi tunayatoa kwa mikono, wakubwa kwa wadogo. Lakini tope hilo ndilo lililoupanua ufukwe wa mji wa Malindi. Mahali nilipokuwa naoga nikiwa kijana, leo nimesimama langoni, miguu mikavu, na mchanga unametameta kama umenyunyizwa unga wa fedha.

Kuucheza mpira hapo si sawa na kwenye nyasi. Mchangani mpira hauburuzwi. Utie kidole gumba cha mguu chini yake, uuinue kidogo, ndipo upige. Pasi ya chini hufia njiani. Na kwa umri wetu, kaa kwenye mchanga uliolowa. Ule mkavu wa juu unazama, unavuta kano ya kisigino na msuli wa muundi. Nilikaa miezi miwili sitembei sawasawa kwa kukimbia huko kama mtoto. Siku hizi nacheza beki wa kati. Sikimbizani na mtu, nasoma tu mpira unakokwenda. Kule Uingereza kuna hata mpira wa kutembea, ulianza Chesterfield mwaka 2011 kwa ajili ya watu wazima, na ukikimbia unapigiwa filimbi. Mtu asikwambie basi, imekwisha.

Sasa nije kwenye lile la ugeni, kwa sababu naona ndilo linalokusumbua hasa.

Kwa miaka 30 sikuwa na kitambulisho cha nchi hii. Laini ya simu ilikuwa kwa jina la jirani. Pesa zangu za samaki zilipita kwenye simu ya mtu mwingine. Nikiona askari barabarani nakata kichochoro. Ufukweni peke yake sikukata kichochoro. Mwaka mmoja timu yetu iliingia mashindano yenye kombe na zawadi, na waandalizi wakataka nakala ya kitambulisho cha kila mchezaji. Nilivua jezi namba 5, nikaikunja, nikampa kijana aliyekuwa akiba. Wenzangu walitaka kujitoa wote. Niliwakataza. Nikasimama nje ya kamba dakika 90, na sijawahi kuchoka mechini kama nilivyochoka siku ile.

Halafu Desemba 2017, fainali ya CECAFA, mashindano ya timu za taifa za Afrika Mashariki na Kati, pale Machakos: Kenya na Zanzibar. Tulikwenda kwenye banda la video, watu tumebanana kwenye mabenchi, na mimi katikati ya timu yangu. Kenya ikatangulia. Dakika za mwisho Zanzibar ikasawazisha, nami nikajikuta nimesimama peke yangu banda zima. Miguu ilisimama yenyewe. Nyongeza, Kenya tena, na Zanzibar ikasawazisha tena, mbili kwa mbili. Zikaja penalti. Mlinda mlango wa Kenya, Patrick Matasi, akazipangua, Kenya ikashinda 3-2, na banda likalipuka. Mimi nililia, na kwa haki ya Mungu sikujua nalilia nini, maana watoto wangu wamezaliwa hapa na walikuwa nje wanashangilia. Mlinda mlango wetu wa ufukweni, Mgiriama, rafiki yangu tangu Mayungu, hakushangilia. Alikaa nami mpaka watu wakatoka. Kesho yake ufukweni hakuna aliyenitania, mpaka nilipoanza mimi mwenyewe kuitaja ile mechi.

Mwaka 2023 serikali ilitutambua Wapemba kuwa miongoni mwa jamii za Kenya, na Julai Rais Ruto akaja Kilifi kwenye shughuli ya kutukabidhi hati. Kitambulisho changu kilipotoka sikwenda nacho benki kwanza. Nilikwenda ufukweni. Mwaka uliofuata timu yetu ya wazee iliingia mashindano, fomu ikaletwa, kila mtu aandike jina na namba. Mlinda mlango yule alinishikia fomu juu ya paja lake ili upepo usiipeperushe, nami nikaandika tarakimu moja moja, taratibu, nikarudia kuzihakiki na kadi. Akanirushia ile jezi namba 5.

Kwa hiyo wewe mwenye kazi yako na pasi yako ya kusafiria mfukoni, usikubali haya ikunyime jioni zako. Jumamosi hii mwezi utakuwa wa siku 8, maji yanatoka saa kumi na moja kasorobo. Uliza kwa yeyote ufukweni palipo na magoli ya miti ya mvinje. Njoo peku, ulete maji ya kunywa, na ukifika useme unamtafuta Ami N'pe. Upande wa kushoto nyuma hatuna mtu tangu mwenzetu ahamie Mombasa.