Mabomba ya kulanti kwenye gari lenye injini ya kati: anza na la kurudi

SWALI: Habari fundi. Nina Toyota MR2 ya miaka ya 90, ile yenye injini nyuma ya viti na rejeta mbele. Nililinunua Dar es Salaam nikaja nalo Dodoma. Mabomba mawili ya kulanti (maji maalumu ya kupoza injini) yanayopita chini ya sakafu yameliwa na kutu, moja linavuja. Ya kiwandani nimeyatafuta sijapata. Fundi wangu anasema tuweke PPR, yale mabomba ya plastiki ya maji ya moto ya nyumbani, mwenzake anasema shaba, na rafiki yangu anasema tupitishe mpira mrefu tumalize. Nimsikilize nani? – Msomaji, Kisasa, Dodoma.

JIBU: Ndugu yangu, kati ya hao watatu sikushauri umfuate hata mmoja, ingawa mwenye mpira amekaribia kidogo.

Watu wengi wakilala chini ya gari la namna hii huanza kulihofia bomba la moto, lile linalotoa maji kwenye injini kwenda mbele. Mimi huanza na la kurudi. Wota pampu iko nyuma kwenye injini, kwa hiyo maji yaliyopoa inabidi yavutwe kutoka kwenye rejeta, karibu mita tatu. Upande huo pampu inafyonza. Ni kama kuvuta juisi nzito kwa mrija laini: kuta zinagusana. Mpira mrefu ukishika moto hulegea, na injini ikienda mizunguko mingi unaweza kujibana katikati, hasa kama kifuniko cha rejeta kimechoka na hakishiki presha. Gari linachemsha barabarani, unapaki pembeni, unafungua, mpira umesharudi kwenye umbo lake. Hapo ndipo mtu anabadilisha themostati, anabadilisha feni, mwishoni anafungua hadi silinda hedi isiyo na kosa.

Hata bomba gumu, likiwa jembamba, lina madhara yake. Presha ikishuka sana kwenye mdomo wa pampu, maji huchemkia palepale kwenye mapanga yake na vipovu vikipasuka vinakula chuma. Na huku kwetu hatuna akiba kubwa: Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji kwenye sufuria yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Presha ndiyo inayozuia maji yasichemke mapema, kwa hiyo kifuniko kizima chenye kushika presha yake ni sehemu ya kazi hii. Kinunue pamoja na mabomba.

Sasa ukubwa. Pima mdomo wa injini na wa rejeta. Kipenyo cha ndani cha bomba kisipungue hapo, na la kurudi lisiwe dogo kuliko la kwenda. Ukishuka kutoka milimita 32 hadi 25 kwa kiasi kilekile cha maji, presha inayopotea njiani inapanda zaidi ya mara tatu. Lakini usikimbilie makubwa kupindukia. Mita sita za bomba la milimita 32, kwenda na kurudi, zinabeba karibu lita tano. Ukiweka la 50 ni karibu lita 12, na kulanti unanunua wewe.

PPR iache kwenye nyumba. Kwa maji ya kuoga inadumu miaka, ila injini inakaa kwenye nyuzi 85 hadi 100, na siku mbaya inapita hapo. Bomba litalainika na kubonyea kati ya vishikizo, matuta ya barabarani yamalizie. Shaba inahimili joto, sikatai, lakini silinda hedi yako ni ya alumini, na rejeta nayo huenda ni hivyohivyo. Shaba inayoyeyuka kidogokidogo kwenye maji hutua juu ya alumini na kuitoboa vitundu. Kwa kulanti nzuri inayobadilishwa kwa wakati ungeweza kuvumilia, ila shaba pia hukakamaa kwa kutikiswa, kisha hupasuka. Bomba la chuma lililopakwa zinki usiliweke kabisa, zinki na kulanti havipatani.

Alumini ni nyepesi na inafaa, mradi uwe mtu wa kulanti safi siku zote. Mimi nakuchagulia stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi, ya daraja 304 yenye ukuta wa milimita 1.5. Bomba la milimita 38 kwa nje linakupa 35 ndani. Uwe macho madukani: bomba linalouzwa kwa ajili ya reli za ngazi mara nyingi ni jembamba la ukuta na si 304. Achomelee fundi mwenye mashine ya argoni.

Miisho ya bomba ndiyo inayowaumbua mafundi. Ikiwa laini tu, mpira utachomoka presha ikipanda, hata ukaze klipu vipi. Kama hakuna mashine ya kukunja ukingo, fundi azungushe mshono mwembamba wa kuchomelea kama milimita nane kutoka mwisho, kisha aupige tupa mpaka upitishe kidole bila kukwaruzwa. Mpira unavuka ukingo huo, klipu inakaa nyuma yake. Miisho yote iunganishwe kwa vipande vifupi vya mpira wa rejeta, kwa sababu mita tatu za stenlesi hurefuka milimita tatu na nusu hivi kutoka asubuhi ya baridi hadi injini ikiwa moto. Ukifunga chuma kwa chuma, kitapasuka kitu. Mpira wa silikoni nao sawa, ila unataka klipu zisizo na matundu ya kuukata.

Pitisha mabomba njia ileile ya kiwandani, kwa vishikizo vyenye mpira, mbali na kebo za gia na hendibreki. Kusiwe na kilima katikati, hewa itakaa hapo.

Usijaze maji ya bombani wala ya kisima. Birika lako la chai linajua yana nini. Changanya kulanti na maji ya betri yaliyotoneshwa, yale yasiyo na asidi, nusu kwa nusu. Jaza taratibu kutoka nyuma huku vali za kutoa hewa za rejeta na hita zikiwa wazi, mpaka zitoe maji yasiyo na povu. Gari likipata moto, gusa mpira wa rejeta: geji ikipanda na mpira bado wa baridi, hewa ipo. Injini ikipoa, kaza klipu tena. Safari ya kwanza iwe Ihumwa na kurudi. Mlima wa Nyang'oro, kwenye njia ya Iringa, usubiri wiki ya pili.