Kabla hujapandisha volti, angalia rangi inaanzia wapi

Vijana wanaosoma kemia hapa Tanga hutengeneza vioo vinavyobadilika rangi kwa umeme, wakivipaka polianilini, polima (aina ya plastiki) inayopitisha umeme. Nao huniuliza swali lile lile: mbona kioo changu kinachelewa kubadilika rangi? Na karibu wote wameshaamua dawa yake, kupandisha volti. Hebu iacheni kwanza. Polianilini ikizidishiwa volti huanza kuharibika, na haraka uliyoipata haidumu.

Washa, kisha inama utazame. Tabaka la polianilini hutoka njano hafifu, likawa kijani, halafu bluu. Kama rangi inaanzia kwenye kibanio cha waya na kutambaa taratibu hadi katikati, mchelewaji ni mpako wa kioo unaopitisha umeme, au kibanio chenyewe kimeshika kutu (upepo wa chumvi wa Raskazoni haumwonei huruma chuma). Hapo kuacha matundu madogo sana ndani ya polianilini hakutakusaidia kitu. Lakini kioo kizima kikibadilika kwa pamoja, ila kivivu, ujue ioni, yaani chembe zenye chaji zinazotoka kwenye elektroliti (kimiminika au jeli inayogusa tabaka), ndizo zinazohangaika kupenya.

Rangi haibadiliki kwa elektroni peke yake. Ioni nazo lazima ziingie au zitoke ili chaji isawazike. Muda wa kupenya hufuata mraba wa umbali: kuta za polima kati ya matundu zikipungua kutoka nanomita 400 hadi 40, muda unashuka kama mara 100. Ndiyo faida ya matundu. Ila yaungane, kama barabara za Ngamiani zinavyokatizana: popote unapokaa, njia haiko mbali. Tundu lililojifungia peke yake halina kazi.

Mimi napenda punje za polistirini za ukubwa mmoja. Unazipanga juu ya kioo, unakuza polima kwa umeme katikati yake, kisha unaziyeyusha kwa tolueni, nazo zinaacha matundu. Vaa glavu na fungua madirisha, na anilini nayo ni sumu. Punje zisiwe kubwa mno: tundu likikaribia urefu wa wimbi la mwanga, kioo kinaingia ukungu. Likiwa dogo mno, ioni na molekuli za kiyeyusho zilizoizunguka hazipiti. Tena, nusu ya tabaka ikiwa tupu, rangi nayo inafifia, kwa hiyo ongeza unene. Matundu yakiwa wazi hutalipia sana kwa kasi.

Kazi nyingi nzuri hufia kwenye kukausha. Maji yanapotoka huvuta kuta zikagandana, ukabaki na tabaka zito kama lile la mwanzo. Badilisha maji kwa ethanoli kwanza, ambayo mvutano wa uso wake haufiki theluthi ya ule wa maji. Ukiweza, usikaushe kabisa: toka kwenye ethanoli uingie moja kwa moja kwenye elektroliti.

Wanaotumia jeli ya chumvi ya lithiamu kama elektroliti, masika ya huku yana unyevu, na jeli hiyo inaunywa. Zibeni kingo kwa epoksi siku hiyo hiyo. Halafu washeni na kuzima mamia ya mara kabla hamjamwita mtu aje kuona.