Picha badilisheni, sekunde nne za mwanzo ziacheni

Mhariri, swali lenu la wiki liliuliza: kipindi cha watoto kikibadilishiwa utangulizi, je, mashabiki ambao sasa ni watu wazima wana haki ya kulalamika? Jibu lililonijia kwanza lilikuwa fupi: hawana. Kipindi ni cha mtoto wa miaka mitatu, si cha baba yake. Ila huwezi kulijibu swali hilo vizuri kabla hujajua utangulizi una kazi gani, na hapo ndipo walalamikaji na watetezi wote wanapoteleza, kwa sababu wanabishania picha.

Kazi ya utangulizi ni kuita. Mtoto yuko uani, televisheni iko sebuleni, na kinachomfikia kwanza ni sauti. Noti nne au tano za mwanzo zinamwambia kipindi kimeanza. Sekunde 20 au 30 zinazofuata ni za kukimbia, kugombea nafasi mkekani na kutulia. Mtoto huyo hasomi jina la kipindi, wala hajui nani kakiongoza. Picha anaziona akishafika, tena nusu yake.

Nitoe mfano wa Thomas & Friends, ile treni ya bluu ya Uingereza, kwa sababu hakuna kipindi kinachoonyesha jambo hili vizuri zaidi, na kwa sababu sisi wa huku tumo ndani yake.

Kilianza kwenye kituo cha televisheni cha ITV tarehe 9 Oktoba 1984. Vichwa vya treni vilikuwa vya kuchezea kwelikweli, vikipita kwenye reli ndogo studioni, vikitoa moshi wa mashine. Nyuso zao hazikusogeza midomo, macho tu ndiyo yaliyozunguka, na hadithi yote ilibebwa na msimulizi, awali Ringo Starr. Thomas anapita karibu na kinu cha upepo akiyavuta mabehewa yake, Annie na Clarabel, huku muziki wa Mike O'Donnell na Junior Campbell ukienda kwa mwendo wa magurudumu. Utangulizi ule haukuwa na neno hata moja la kuimbwa. Ulidumu hadi 2003, na muda wote huo wahusika waliongezeka na kupungua bila mtu kugusa muziki.

Muziki wa namna ile hauji kwa bahati. Televisheni yao, kama yetu, inakwenda fremu 25, yaani picha moja moja 25, kwa sekunde. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una pigo moja kila nusu sekunde, yaani fremu 12 na nusu, na nusu fremu haipo. Mhariri wa picha akikata kila fremu 12, ikifika pigo la 20 picha imeutangulia wimbo kwa fremu 10. Hapo gurudumu linagonga kabla ya ngoma. Dawa ni kukata 12, kisha 13, kisha 12 tena, au kumwomba mtunzi apeleke wimbo kwenye mapigo 125, ambapo pigo ni fremu 12 kamili, au 100, ambapo ni 15. Kazi iliyopigwa kwa fremu 24 ikirushwa kwa 25 bila marekebisho, wimbo wa sekunde 30 unaisha kwa sekunde 28.8 na sauti inapanda kwa takriban asilimia 4. Aliyeuzoea anahisi umeharibika, ingawa hawezi kusema wapi.

Yapo na makosa ya picha. Utangulizi wa zamani wa umbo la 4:3 (upana kwa urefu) ukijazwa kwenye skrini pana ya 16:9 kwa kukata juu na chini, robo ya urefu inapotea: mistari 576 ya picha inabaki 432. Kwa treni ya mvuke, kinachoondoka ni bomba la moshi au magurudumu, yaani vitu ambavyo mtoto anavitazama. Mashabiki wakilalamikia hilo nawaunga mkono bila masharti, maana hayo ni makosa ya kazi, wala hayahusiani na ladha ya mtu.

Sasa tuje 2004, maana mzizi wa yote uko hapo. Kampuni ya HIT Entertainment, iliyokichukua kipindi 2002, iliondoa muziki wa zamani na kuweka wimbo wa kuwaita wahusika kwa majina: Thomas, James, Percy, Gordon, Emily, Henry, Edward na Toby, kila mmoja na sifa yake. Watu wazima walichukia. Watoto waliupenda mara moja, na walikuwa na sababu nzuri: ni wimbo wa kuhesabia, unaweza kuuimba ukiwapanga wanasesere sakafuni, na mtoto wa miaka mitatu anayejua majina manane kwa mpangilio anajiona mtu mkubwa. Kama mngeniuliza kuhusu mwaka ule peke yake, ningesema walalamikaji wanyamaze.

Ila wimbo wa majina una ugumu wake. Kwanza, kuuingizia lugha nyingine ni kazi. Sisi jina linaloishia na konsonanti tunaliongezea irabu na kulikazia silabi ya pili kutoka mwisho: James anakuwa silabi mbili, Gordon anakuwa tatu na mkazo unahama. Mistari iliyopimwa kwa mkasi inafurika, na mwimbaji analazimika kumeza nusu ya sifa. Muziki mtupu hauna shida hiyo. Unarusha wimbo ule ule Mombasa na Kigoma, unabadilisha msimulizi tu. Kwa hiyo mtayarishaji anayejua kwamba kipindi kitavuka mipaka anarekodi muziki kando na sauti za waimbaji kando, na anatunza nakala ya picha isiyo na maandishi. Asipofanya hivyo, toleo la Kiswahili litabaki na kwaya ya Kiingereza ikisikika kwa mbali.

Pili, na hili ndilo kubwa, ukishaimba majina umetoa ahadi. Mwaka 2018, chini ya Mattel, kampuni ya vitu vya kuchezea iliyokuwa sasa inakimiliki kipindi, kundi kuu lilipangwa upya. Edward na Henry walitolewa kwenye banda la Tidmouth, wanakolala wahusika wakuu, wakaingia Rebecca na Nia. Thomas mwenyewe akawa ndiye anayezungumza na watazamaji badala ya msimulizi, na utangulizi ukabadilika, kwani wimbo wa majina manane ungefunguaje kipindi wakati wawili kati yao hawaonekani ila mara chache?

Nia ni kichwa cha treni cha rangi ya chungwa kutoka Kenya. Nilianza kuandika barua hii nikiwa na nia ya kumtetea, na bado namtetea. Kipindi ambacho kwa zaidi ya miaka 30 treni zake kuu zilitoka kisiwa kimoja cha kubuni cha Waingereza, hatimaye kilimpa mtoto wa Nakuru au Voi, anayeona reli halisi, mhusika mkuu wa kwao, tena mwerevu na mwenye msimamo. Waliosema amewekwa kwa siasa tu hawakuangalia vipindi vyake.

Hata hivyo, kadiri ninavyopanga ukweli huu, ndivyo ninavyoona kwamba waliomlilia Edward walikuwa na hoja ambayo tuliwazomea bure. Kitabu cha kwanza cha Mchungaji Awdry, mwandishi wa hadithi ambazo kipindi kilitokana nazo, cha 1945, kilikuwa cha treni tatu: Edward, Gordon na Henry. Thomas mwenyewe alikuja mwaka uliofuata. Mtoto aliyeimba majina manane tangu 2004 hakuambiwa kwamba mawili yangefutwa. Kosa halikuwa la Nia wala la Rebecca. Lilikuwa la wimbo usioacha nafasi ya mgeni.

Kwa hiyo jibu langu, tofauti na nilivyoanza: wana haki, ila si ya kila kitu. Picha zibadilike watakavyo watengenezaji. Hata ule mtindo wa katuni za kuchora uliokuja 2021 haunisumbui, na Nia yumo. Sekunde nne za mwanzo za sauti zibaki, hata kama ala zitabadilishwa. Hili nalisema kwa vituo vya kawaida vya televisheni. Kwenye huduma kama Netflix, zenye kitufe cha kuruka utangulizi tangu 2017, wito una uzito mdogo, kwa kuwa mtoto keshafika na mzazi ndiye ameshika rimoti. Na anayetaka kuimba majina, kama watengenezaji wetu wa hapa Afrika Mashariki wanavyopenda, arekodi kila jina kwenye nafasi yake ya mapigo manane, na wimbo mmoja wa akiba wenye nafasi mbili zaidi, ili mgeni akija aingizwe bila mwenyeji kutolewa. Kama bajeti inaruhusu jambo moja tu, kati ya kumpata Nia na kuulinda wimbo, mimi bado namchagua Nia.

Msomaji, Morogoro