Usaha sikioni mwa mtoto

SWALI: Mwanangu wa miaka 4 anatokwa na usaha sikioni tangu mwezi uliopita, na mama mkwe anasisitiza nimtie mafuta ya nazi. Je, yatamsaidia? — Mama wa Tanga

JIBU: Hapana mama, tafadhali usimtie, kwa kuwa usaha unaotoka kwa zaidi ya wiki 2 kwa kawaida huonyesha kwamba ngoma ya sikio imetoboka, na mafuta yatapenya hadi sikio la kati. Sokota kitambaa safi cha pamba, kiingize taratibu, na kila kikilowa badilisha mpaka kitoke kikavu, kwani matone atakayoandikiwa na daktari, mara nyingi ya siprofloksasini (dawa ya kuua bakteria), hayafiki panapohusika ikiwa usaha umejaa. Akivimba nyuma ya sikio au uso ukipinda, mkimbize hospitali siku hiyo hiyo.