Maswali ya Waigizaji: Wimbo Kichwani, Kijitabia Mkononi

SWALI: Nakariri maneno ya mchezo huku nikisikiliza pop. Mazoezini yanatoka kwa mdundo wa wimbo, na kiitikio hakinitoki kichwani siku nzima. Dawa ni nini?

JIBU: Zima wimbo unapokariri. Maneno ya wimbo na ya mchezo yanagombania mahali pamoja: ile sauti ya ndani tunayoitumia kurudia jambo tusilisahau. Kama ukimya unakusumbua, weka muziki usio na maneno, tena kwa sauti ya chini.

Mdundo ulioganda hautoki kwa kusema polepole, maana utasema polepole kwa mdundo uleule. Nyimbo nyingi za pop huenda kwa mapigo manne yanayojirudia, ndiyo maana kila sentensi yako inatua palepale. Yaseme maneno huku ukifanya kazi isiyo na mapigo sawa: kunja nguo, osha vyombo, funga vifungo vya shati. Mkono ukikwama, sentensi nayo inapata pumzi mpya. Usikariri ukitembea huku na huko. Hatua nazo ni mapigo.

Kuhusu kiitikio, kinachozunguka kichwani kwa kawaida ni kipande tu. Sikiliza wimbo mzima mara moja hadi mwisho, kisha tafuna chingamu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walionyesha mwaka 2015 kwamba kutafuna hupunguza wimbo kurudi akilini, kwa kuwa taya linalotafuna linavuruga kuimba kwa kimyakimya. Iteme kabla ya kuingia jukwaani.

SWALI: Je, wimbo unaweza kunisaidia kumpata mhusika?

JIBU: Unaweza, na sana, ila uchague kwa kasi yake. Wengi huchagua kwa maneno: tukio la huzuni, wimbo wa huzuni. Matokeo yake mwigizaji anaingia tayari analia, na tukio halina tena pa kupanda.

Hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Mapigo 70 kwa dakika ni mtu asiye na haraka. 120 ni mtu anayewahi kitu. Tembea na wimbo dakika tatu, uzime, endelea dakika mbili kwa kasi ileile, kisha funga kamba za viatu na ufungue mlango kwa kasi hiyo. Ndipo useme neno la kwanza. Toa spika masikioni dakika chache kabla ya tukio, la sivyo utamsikia mwimbaji badala ya mwenzako.

Konstantin Stanislavski, mwongozaji na mwalimu wa uigizaji wa Urusi aliyefariki mwaka 1938, alifundisha kwamba kasi ya ndani na ya nje zinaweza kupingana. Hapo ndipo pana utamu: mtu ameketi kimya akisubiri majibu, mwili uko 60, moyo uko 130. Jifunze wimbo wa kasi, kisha ukae nao bila kutikisa hata kidole. Weka akiba ya nyimbo mbili au tatu, kwani mmoja ukirudiwa sana huchuja.

SWALI: Nimempa mhusika wangu kijitabia cha kugongagonga meza kwa kidole. Mwongozaji anasema kinaharibu. Kwa nini?

JIBU: Pengine kwa sababu hakina chanzo. Kijitabia cha mtu halisi kina kinachokiamsha na kinachokizima. Anayegonga meza hagongi saa zote. Hugonga anapongoja, na huacha mara tu anapotajwa. Andika pembeni ya skripti neno linaloanzisha na neno linalokomesha. Mara mbili au tatu katika mchezo mzima zinatosha, na ya mwisho ivunje mazoea: mkono unyanyuke, usigonge. Mtazamaji atajua kuna kitu kimebadilika.

Usigonge meza mwenzako anaposema. Jicho la mtazamaji hukimbilia kinachosogea, kwa hiyo unamnyang'anya maneno yake. Kwenye filamu kuna tatizo la pili. Mlio wa kidole ukiangukia juu ya maneno, sauti hizo mbili hazitenganishwi kwa urahisi wakati wa uhariri. Gonga katika nafasi kati ya sentensi, au weka kitambaa chini ya kidole.

La tatu ni mwendelezo. Tukio hurudiwa mara nyingi kutoka pembe tofauti, na kidole kilichogonga kwenye neno moja lazima kigonge hapohapo kila mara, mkono uleule. Ukishindwa kukumbuka, kipunguze kijitabia. Picha ikiwa ya uso peke yake, mkono hauonekani kabisa; kihamishie kwenye pumzi au kope.

SWALI: Tunarekodi tukio la sherehe kwenye filamu, lakini muziki unazimwa. Tunachezaje?

JIBU: Unazimwa ili maneno yenu yarekodiwe safi, wimbo utawekwa baadaye. Ombeni upigwe sekunde kama kumi kabla ya kuanza, mshike kasi. Wasaidizi wengine wa sauti hubakiza mdundo mzito wa chini sana, unaochujwa baadaye bila kugusa sauti za watu. Wanaocheza nyuma wavue viatu vinavyolia. Ninyi wenye maneno, pazeni sauti kana kwamba ngoma inanguruma, na msogeleane masikioni. Kosa la kawaida ni kunong'ona katika ukumbi ulio kimya. Muziki ukiongezwa, mazungumzo yote yanazama.