Jibu: Lady and the Tramp, mbona siyaoni hayo mapenzi?

Salaam, ndugu. Umesema umeitazama ile ya 1955, katuni ya Walt Disney ya mapenzi ya mbwa wawili, jike Lady na dume Tramp; picha ikajaa kioo chote, na ile sehemu wanapokula tambi mgahawani, wanayoisifia watu, hukuona cha ajabu.

Anza na huko kujaa. Katuni hii ilichorwa kwa sinemaskopu, mtindo wa picha pana sana, upana mara 2.55 ya kimo. Kwenye runinga ya inchi 43 lazima uone ukanda mweusi wa kama sentimita 8 juu, na mwingine chini. Usipouona, picha imekuzwa na pembeni kumekatwa. Chukua rimoti uirudishe kwenye ukubwa wake wa asili.

Kisha rudia pale mgahawani, taratibu. Busu ni la bahati tu, uzi mmoja wa tambi umewakutanisha, na Lady anageuza uso kwa haya. Sasa mwangalie Tramp. Sahani imebaki na kababu moja, naye anaisukuma kwa pua mpaka upande wa Lady. Mbwa asiye na kwao anatoa tonge la mwisho! Mapenzi yenyewe ndiyo hayo. Walt Disney alitaka kuiondoa sehemu hii. Mchoraji Frank Thomas akaichora hata hivyo.