Redio imetangaza El Niño: mifugo ichanjwe lini dhidi ya homa ya Bonde la Ufa?

SWALI: Salaam daktari. Nafuga kondoo, mbuzi na ng'ombe wachache huku Tana River. Redioni wanasema vuli ya mwaka huu itakuwa ya El Niño. Mwisho wa 2006 homa ya Bonde la Ufa ilitumalizia wanakondoo, na watu wakafa. Lakini 2015 pia tulitangaziwa El Niño na ugonjwa haukuja. Nina maswali matatu. Huu ugonjwa hujificha wapi miaka yote ya ukame? Kwa nini huja wakati malisho ni tele na wanyama wamenona? Na je, nichanje sasa, au nisubiri nione mvua yenyewe? Kondoo wangu wengi wana mimba.

JIBU: Ndugu mfugaji, usisubiri mvua. Chanja sasa wale wasio na mimba, ukianza na kondoo. Hao wenye mimba wana utaratibu wao, nitaufikia. Kwanza nikueleze ugonjwa unakaa wapi, maana ukilielewa hilo, suala la lini uchanje halitakusumbua tena.

Unakaa ardhini. Virusi hivi vilitambuliwa mara ya kwanza karibu na Ziwa Naivasha mwaka 1931, kondoo walipokuwa wakifa na kutupa mimba, na kwa miaka mingi haikujulikana vinapita wapi kati ya mlipuko mmoja na mwingine. Katika miaka ya 1980 watafiti nchini Kenya walichota viluwiluwi kwenye mabonde yaliyofurika, wakawalea hadi wakawa mbu kamili, wakawapima. Mbu hao hawakuwa wamemuuma mnyama yeyote, na bado virusi vilikutwa ndani yao. Walivirithi kwa mama kupitia yai.

Mbu mwenyewe ni wa jamii ya Aedes. Jike hatagi juu ya maji, hutaga kwenye tope bichi pembezoni mwa dimbwi linalokauka. Yai hukauka pamoja na udongo na linaweza kukaa hivyo miaka kadhaa likiwa hai. Mvua ya kawaida hailiamshi ipasavyo, au huliamsha kisha dimbwi likakauka kabla kiluwiluwi hajawa mbu. Kwenye joto la kwenu anahitaji wiki moja hivi, au siku kumi, ndani ya maji. Kwa hiyo mvua kali ya siku mbili isikutishe sana. Iogope ile inayorudi wiki baada ya wiki, hadi udongo mweusi wa mfinyanzi ushindwe kunywa maji na mabonde yafurike na kubaki yamefurika.

Hapo huja awamu ya pili, na hii ndiyo inayoua kwa wingi. Aedes huambukiza wanyama wachache tu wa mwanzo. Maji yakidumu na majani yakaota ndani yake, mbu wa jamii ya Culex huanza kutaga juu ya maji hayo hayo na kuzaliana kwa wingi kupindukia. Culex akinyonya damu ya kondoo mgonjwa, anabeba virusi na kuvigawa kwa zizi zima, kisha kwa zizi la jirani. Mvua ikikatika mapema, awamu hii haifiki, na ugonjwa huishia kwa wanyama wachache ambao pengine hata hamkuwagundua.

Joto nalo lina kazi yake. Virusi vikiingia tumboni mwa mbu, vinahitaji siku kadhaa kufika kwenye mate yake, ndipo aweze kuambukiza. Hali ya hewa ikiwa ya joto siku hizo hupungua, ikiwa ya baridi huongezeka. Kwa malaria hesabu hii inajulikana vizuri: kwenye nyuzi joto 20 kimelea cha malaria cha aina ya falciparum huchukua kama siku 28 kukomaa ndani ya mbu, kwenye nyuzi 25 kama siku 12. Mbu wachache sana huishi siku 28, ndiyo maana nyanda za juu zenye baridi zilikuwa na nafuu ya malaria, na ndiyo maana ongezeko dogo la joto huko lina uzito mkubwa. Nyinyi wa nyanda za chini hamna kinga hiyo ya baridi. Kwenu kinachokosekana ni maji tu.

Na kuhusu wanyama walionona: unene haukingi. Mnyama aliyeugua akapona hukingika kwa muda mrefu, lakini miaka mitano au kumi ikipita wengi wa hao wameuzwa, wamechinjwa au wamekufa kwa ukame. Mvua njema ikija, zizi limejaa wanyama wachanga ambao miili yao haijawahi kukutana na virusi hivi.

Sasa 2015. El Niño ni joto la bahari ya Pasifiki, mbali sana na sisi. Mvua yetu ya vuli hutegemea pia Bahari ya Hindi: upande wa magharibi, huku kwetu, ukipata joto kuliko upande wa Indonesia, unyevu mwingi hupanda kuja Afrika Mashariki. Mwaka 1997 bahari zote mbili zilikubaliana, tukapata mafuriko na mlipuko mkubwa uliogusa Kenya, Somalia na Tanzania. Mwaka 2006 hali ilikuwa ya namna hiyo, na wanasayansi wanaofuatilia joto la bahari na kijani cha malisho kwa setilaiti walitoa onyo wiki kadhaa kabla wagonjwa wa kwanza hawajaripotiwa Garissa mwezi Desemba. Mwaka 2015 Pasifiki ilikuwa na joto kali, lakini Bahari ya Hindi haikufuata kwa nguvu ile, na mvua haikufikia ya 1997. Mwaka 2019 ikawa kinyume: hakukuwa na El Niño ya maana, ila Bahari ya Hindi ilichemka na mafuriko yakatupiga. Kwa hiyo usilisikilize neno El Niño peke yake. Mwishoni mwa Agosti ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha kanda yetu, hutoa utabiri wa Oktoba hadi Desemba, na idara ya hali ya hewa hufuata na wa nchi. Uliza wanasema nini kuhusu Bahari ya Hindi.

Hata hivyo ushauri wangu ni kwamba tahadhari ya uongo ni gharama ndogo. Ukichanja na mafuriko yasije, umepoteza siku moja ya kazi na bei ya chanjo, na kinga inabaki kwenye mnyama zaidi ya mwaka. Usipochanja na yakaja, unajua mwenyewe yaliyotokea 2006.

Kwa nini huwezi kungoja mvua? Baada ya mlipuko wa 2006 na 2007 wafugaji Wasomali wa kaskazini mashariki ya Kenya waliulizwa mfuatano wa mambo. Kuanzia mvua kubwa hadi makundi ya mbu zilipita kwa wastani siku kama 24, na kutoka hapo hadi mnyama wa kwanza kuugua siku kama 17. Jumla ni wiki sita, unaweza kuona zinatosha. Hazitoshi. Mwili wa mnyama unahitaji wiki moja hadi mbili kujenga kinga. Barabara zenu hukatika mvua ikianza, na gari la chanjo halipiti. Katika mlipuko ule huduma ya mifugo ilifika wanyama wakiwa wameanza kuugua zamani. Kazi iwe imekwisha kufikia mwisho wa Septemba.

Chanjo inayotumika sana kwetu ni ya virusi hai vilivyodhoofishwa, aina ya Smithburn. Dozi ni moja, mililita 1 chini ya ngozi. Kwa kondoo hukinga vizuri, kwa ng'ombe kinga yake huwa dhaifu zaidi. Ubaya wake ni kwa wenye mimba: inaweza kumfanya jike atupe mimba, au azae mwana mwenye kilema. Wenye mimba waruke, uwachanje baada ya kuzaa. Wasio na mimba wachanje sasa, na dume usiwaachie kwa mwezi mmoja. Ikiwa ofisi ya mifugo ya kaunti ina chanjo ya virusi vilivyouawa, hiyo haina hatari kwa mimba, ila hutaka dozi mbili zinazoachana wiki tatu hadi nne, kwa hiyo ianze Agosti.

Mambo mawili huharibu kazi hii mara nyingi. La kwanza ni jua: chanjo ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8, ndani ya kisanduku chenye barafu kilichowekwa kivulini, na chupa iliyokwisha kuchanganywa imalizwe ndani ya saa zilizoandikwa kwenye kibandiko. La pili ni sindano kuoshwa kwa spiriti au dawa ya kuua vijidudu. Mabaki ya dawa huua chanjo hai. Chemsha bomba na sindano kwa maji matupu, uache vipoe. Sindano moja kwa mnyama mmoja.

Ugonjwa ukishaingia zizini, acha kuchanja zizi hilo. Mnyama anaweza kuwa na virusi tele kwenye damu kabla hajaonyesha dalili, na sindano itavihamisha kwa mwenzake haraka kuliko mbu. Chanjo wakati huo hupelekwa mbele, kwenye maeneo ambayo bado ni salama, na uamuzi ni wa daktari wa mifugo.

Kwa hao wenye mimba, mvua ikianza wahamishie mwinuko wenye udongo wa kichanga unaopitisha maji, mbali na mabonde, na wasilale karibu na maji. Wapake dawa ya mgongoni ya kufukuza wadudu, kama ya deltamethrin, kwa kipimo cha kwenye chupa. Inapunguza kuumwa, haiondoi.

Utaujuaje? Mimba moja ikitoka inaweza kuwa brusela au kitu kingine. Majike mengi yakitupa mimba ndani ya wiki moja au mbili, za umri wowote, huku wana wachanga wakifa ndani ya siku moja au mbili, piga simu siku hiyo hiyo na uzuie mifugo isiende sokoni. Mimba iliyotoka usiishike kwa mikono mitupu. Vaa glavu, buti na barakoa, izike kina cha kama mita mbili, kisha nawa kwa sabuni.

Binadamu wengi huambukizwa kwa damu na majimaji ya mnyama mgonjwa kuliko kwa mbu. Anayechinja yuko hatarini kuliko anayekula nyama iliyoiva. Usichinje mnyama anayeumwa hata kama unaona unaokoa hasara, na maziwa yachemke. Dalili huanza siku 2 hadi 6 baadaye, kwa homa na maumivu ya viungo yanayofanana kabisa na malaria. Wengi hupona, lakini wachache huishia kutokwa damu, na nusu ya hao hufa. Hakuna chanjo ya binadamu iliyoidhinishwa kwa matumizi ya kawaida. Ukifika zahanati mwambie mhudumu, kabla hajakupima malaria, kwamba umeshika mnyama aliyetupa mimba au umechinja, kwa sababu asipoambiwa hana namna ya kuushuku ugonjwa huu.